Chumba cha Mgeni

Tarehe 4 Machi

Baba Chiriku,

Nisamehe. Lori limepanda huko mara tatu bila barua yangu, na najua ulisimama getini ukimtazama dereva akishusha magunia, ukidhani labda bahasha iko chini ya kiti. Haikuwepo. Kila nikikaa niandike, mtoto anaamka, au mimi ndiye ninayelala kalamu ikiwa mkononi. Juzi nimezinduka na mstari wa wino shavuni, dada yako akaniuliza, "Wifi, umechanjwa lini?" Nasikia kuna watu ambao waume zao wako kwenye mtandao wa simu, wanaongea mpaka wanachokana. Sisi wenye waume nyuma ya mlima tuna kalamu na dereva.

Sisi wazima. Chiriku ana meno manne, amenenepa.

Lililonifanya nishike kalamu leo ni kabati lako la picha, lile sanduku jeusi la koridoni. Jumamosi nilitaka kufungua picha, nikakuta kioo chake kidogo kimeandika DISKI 2 IMEHARIBIKA. Taa ni ya njano. Halilii. Uliniambia likiugua litalia kama kifaranga kilichopotelewa na mama yake, sasa mbona limenyamaza? Nakumbuka ulivyonifundisha: diski nne, Babu, Bibi, Shangazi na Mjomba, wameshikana mikono, mmoja akianguka watatu wanambeba, hakuna picha inayopotea. Na Mgeni, diski ya tano, yule wa chumba cha juu kabisa, anakaa tu anakula bure mpaka siku mmoja augue. Siku hiyo anapewa jembe, anashika nafasi ya mgonjwa mwenyewe bila kuambiwa. Haya, mmoja ameugua. Mgeni amelala, au jembe limemshinda?

Niambie nifanye nini, polepole, kama unamwelekeza mtu asiyesoma, maana kwa mambo haya sikusoma. Nahitaji picha na video za Chiriku za miezi ya mwanzo. Simu yangu ilijaa nikazimwaga zote humo, unajua. Nataka kuchapisha chache za ukutani.

Kaza mkanda wako vizuri huko juu.

Mama Chiriku


Ukurasa wa pili, tarehe hiyo hiyo
(Huu sikuutia kwenye bahasha. Umo ndani ya kadi ya kliniki.)

Nimekudanganya hapo juu. Si za ukutani.

Unakumbuka Chiriku alivyoanza kuamkia watu? Akitoka tu usingizini, kichwa chini, mikono mbele, anainuka, anainama tena, kama mtu aliyefika ukweni. Tukacheka. Tukasema mtoto ana adabu kuliko baba yake. Mwezi uliopita daktari ameniambia ile si salamu. Ni kifafa cha watoto wachanga. Akasema wazazi wengi hawakitambui, nisijilaumu. Nimejaribu.

Daktari bingwa anakuja hospitali yetu siku moja kila baada ya miezi mitatu, na siku hiyo ni tarehe 28. Za sasa ninazo kwenye simu. Anataka kuona za mwanzo kabisa, na tarehe zake, ajue kilianza lini, kilikuwaje na kinarudia mara ngapi, kabla hajachagua dawa. Za mwanzo zimo kwenye kabati tu. Nikikosa siku hiyo ni kungoja miezi mitatu mingine, na Chiriku hana miezi mitatu ya kuchezea. Jina tulimpa kwa sababu ya kelele zake. Ameacha. Alikuwa anasema "baba-baba" mpaka kuta zinachoka. Sasa anakaa anatazama dirisha.

Ningekuambia. Lakini wewe unachomelea chuma mita arobaini juu ya ardhi, na mwenye mawazo hashiki chuma vizuri. Wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Basi kinifichue ukiwa umeshashuka.


Tarehe 6 Machi

Mama Chiriku, mwenye nyumba wangu,

Barua imefika, nimeisoma mara nne, ya tano nimemsomea mpishi wa kambi hapo penye kuchanjwa shavu. Amecheka akamwaga chai.

Usiogope kabati. Diski 2 ni Bibi. Hesabu ni ile ile: Babu wa kwanza, Bibi wa pili, Shangazi wa tatu, Mjomba wa nne. Nunua diski mpya ya ukubwa ule ule, ukubwa umeandikwa mgongoni. Kabati likiwa linawaka, bonyeza kitasa cha trei yenye stika ya Bibi, mvute taratibu, usimtikise. Mtie mpya mahali pake. Kisha liache siku nzima, wenzake watamwelekeza kila kitu alichokuwa anakijua Bibi. Hutapoteza hata unywele wa picha.

Mgeni achana naye. Habari za Mgeni ni ndefu, nitakueleza nikishuka.

Huku baridi, lakini tumebakiza nguzo tisa. Huyo mpishi hana haya. Kila asubuhi akinipa kikombe anainama kichwa chini, mikono mbele, anasema, "Chiriku anakuamkia, mzee!" Imeambukiza. Sasa kambi nzima tunaamkiana hivyo, mpaka msimamizi. Mwambie mwanangu amekuwa mwalimu wa watu wazima.

Juni si mbali.

Wako, Mchomeleaji


Tarehe 11 Machi

Baba Chiriku,

Kabla sijamlaumu mtu, acha nilaumiwe mimi.

Jumamosi asubuhi nilifanya kama ulivyoandika, barua yako nimeibandika ukutani, nasoma mstari, natenda mstari. Diski mpya mkononi. Nikabonyeza kitasa cha Bibi, nikamvuta taratibu, kama unavyotoa chuchu kwa mtoto aliyelala. Taa ya njano ikawa nyekundu. Zote zikawa nyekundu. Kioo kikaandika HAKUNA HIFADHI. Nikamrudisha Bibi haraka, wapi! Dada yako alikuwa amembeba Chiriku mlangoni, akasema, "Wifi, umeua ukoo mzima."

Sikucheka.

Nimelifunga kabati kwa kanga, nikalipeleka kwa fundi. Ni mama wa makamo, ana kichumba nyuma ya duka la vitambaa, miwani mbili, moja machoni moja kichwani. Akaniuliza, "Nani kakwambia uitoe hii?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Juu ya nguzo ya umeme."

"Mwache huko huko."

Kisha akalifungua, akatazama, akashusha miwani. Akasema aliyekufa ni mwingine. Niliyemvuta alikuwa mzima kabisa. "Wanne wameshikana mikono," akasema (nilimweleza lugha yako, ameipenda), "mmoja kafa, watatu wakambeba. Wewe ukamvuta mzima. Wawili hawabebi." Nikamuuliza kama nimewaua wote. Akasema, "Hujaua. Umewaachanisha. Sasa nataka kujua nani alikaa wapi toka mwanzo, maana stika hizi zinasema lake na mashine inasema lake."

Hapo ndipo nikakumbuka. Januari Chiriku alimwagia kabati maziwa. Nilizima umeme, nikatoa trei moja moja, nikafuta, kila moja nikairudisha chumba chake. Naapa, chumba chake. Ila stika zililowa zikabanduka. Nikazibandika upya kwa akili yangu. Babu juu, si ndiye mkubwa? Bibi chini yake, kisha Shangazi, Mjomba chini kabisa. Ya Mgeni uliiandika kwa rangi, haikutoka. Trei yake ilikuwa nyepesi kama kopo tupu; nikajiambia ndivyo mgeni alivyo, hana mizigo. Sikukuambia. Nilidhani maziwa yamekauka na mambo yamekwisha.

Sasa nijibu hili bila mzaha: uliwapangaje? Na nijibu na la pili. Fundi anauliza, kwa nini Mgeni hakushika jembe?

Nazitaka hizo video kabla ya tarehe 28. Usiniulize sababu, jibu tu. Na jambo lingine linanizungusha kichwa. Mpishi wa kambi amejuaje namna Chiriku anavyopeleka mikono? Umemwigizia wewe?

Mama Chiriku


Tarehe 13 Machi

Mama Chiriku,

Nimecheka, halafu nimeisoma tena.

Babu hawezi kuwa juu! Mzee hapandi ngazi. Nilimweka chini kabisa, karibu na sakafu, Bibi juu yake, kisha Shangazi, kisha Mjomba mwenye magoti mazima, na Mgeni darini. Nilidhani kila mtu angeona hivyo. Kwa hiyo Bibi wako alikuwa Shangazi wangu. Shangazi wa watu, hana kosa! Mwambie fundi: kutoka chini, Babu, Bibi, Shangazi, Mjomba. Aliyekufa ni wa pili kutoka chini.

Kosa la stika si lako. Hata mimi ningeyafuta yale maziwa.

Lakini, mke wangu, unajihangaisha. Tarehe 28 ina nini? Picha ni picha. Ukuta hautalia. Juni nikishuka nitakaa nalo mwenyewe, na zisipopatikana tutapiga nyingine, mtoto si yupo? Usimpe yule mama afungue sana, hasa chumba cha juu, hakihusiki.

Mpishi ndiyo, nimemwigizia.

Wako, Mchomeleaji


Tarehe 18 Machi

Baba Chiriku,

Sina mzaha leo.

Fundi ameshukuru kwa mpangilio. Ameniita dukani Jumatatu, akanipa kigoda. Akasema kabati linaandika kila linalotendewa, kama karani, na yeye amesoma. Akageuza kioo chake nione. Nimekopi kwa mkono wangu: Tarehe 3 Novemba, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, diski 5 imetolewa. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja, kengele imezimwa. Tarehe 19 Februari, diski 2 imeharibika. Kutoka hapo mpaka siku niliyomvuta Shangazi hakuna kitu. Hakuna kengele, hakuna aliyeshika jembe.

Fundi akauliza, "Tarehe 3 Novemba nani alikuwa nyumbani?"

Tarehe 3 Novemba ulikunywa chai umesimama, lori linapiga honi nje, ukanibusu mimi na mtoto tukiwa bado kitandani. Nilidhani ulichelewa koridoni kwa sababu ya kufunga viatu.

Wiki nzima nimejiona mjinga wa maziwa na stika. Nimeosha vyombo nikijilaumu, nimenyonyesha nikijilaumu. Kumbe Mgeni angekuwa darini kwake, Februari angeshika nafasi ya Bibi, mimi nisingegusa kitu, na leo ningekuwa na ninachokitaka. Yuko wapi? Umempa mtu? Na kwa nini ulizima mdomo wa mashine ili isiniambie?

Sasa na mimi nitoe la kwangu, maana sina haki ya kukudai ukweli nikiwa nimekalia wangu. Chiriku anaumwa. Anapata mishtuko, imeanza zamani kuliko tulivyojua. Tarehe 28 ni daktari bingwa, si ukuta. Anataka kuona ilivyoanza. Nimejaribu mara mbili kukuandikia inavyofanana, nimechana karatasi zote mbili. Nilikuficha kwa sababu ya urefu wa nguzo. Ukishaisoma hii, siku hiyo usipande. Mwambie msimamizi tumbo linakuuma.

Fundi anasema lazima anakili kila diski kwanza, asiguse yenyewe, ndipo aunganishe nakala. Ameshamaliza Babu. Hanihakikishii 28.

Nataka jibu, si utani.

Mama Chiriku


Tarehe 20 Machi

Mke wangu,

Sikupanda. Nimekaa bohari tangu lori lifike.

Ni mimi. Mgeni ninaye hapa, ndani ya begi, amefungwa kwenye fulana. Asubuhi ile sikuweza kuondoka mikono mitupu. Simu yangu unaijua, haibebi hata nyimbo tatu. Wiki moja kabla nilikuwa nimekwisha kumtoa kazini kwa kubonyeza tu kwenye mashine, nikamjaza video za Chiriku, nikasubiri siku ya safari nimchomoe. Nilipomchomoa kabati likaanza kulia. Nyinyi mmelala, Chiriku alikuwa amekesha. Nikazima kengele msiamke. Nikajiambia nitakuachia maelezo namna ya kuiwasha, lori likapiga honi. Kisha siku zikapita, nikaona aibu kuandika, nikasema diski nne zote mpya, zitakufa vipi ndani ya miezi saba? Uliponiandikia Machi nilijua saa ile ile, na bado nikakuambia "achana naye". Sina la kujitetea.

Mpishi sikumwigizia. Ameona. Mtunza bohari ana kompyuta, Jumapili tunakaa hapo wote, watu wenye watoto na wasio na watoto, tunamtazama wangu.

Lakini Mgeni hatakusaidia, ndiyo maana naumia mara mbili. Nimezipitia zote tangu jana, moja moja. Nilichukua za kucheka tu. Hakuna hata moja anaumwa, hakuna homa, hakuna mshtuko. Anaoga. Anakula kidole changu. Na ile ya pazia la bluu, ndiyo tunayoipenda wote: ametoka usingizini, anaamkia, na mimi nahesabu kwa sauti, "Mkwe wa kwanza! Mkwe wa pili!" mpaka kumi na moja, halafu naangua kicheko kamera inayumba. Tarehe yake 14 Septemba. Naitazama kila siku kabla sijapanda.

Sasa daktari atafanya nini na mtoto anayesalimia? Kwa hiyo nakuomba, niachie Mgeni mpaka Juni. Barabara ni mashimo matupu, akigongwa akafa tumekosa vyote. Mimi nikikosa hii sina kitu huku.

Niambie mishtuko inafananaje. Nimeshajua nusu, na nusu inanizungusha zaidi kuliko kutojua.

Nisamehe.

Wako, Mchomeleaji


Tarehe 25 Machi

Baba Chiriku, mume wangu,

Kaa chini kwanza. Kama mpishi yuko karibu, akae na wewe. Ni mtu mwema, wala sijamkasirikia.

Mishtuko inafanana na ile ya pazia la bluu.

Inafanana nayo kwa sababu ndiyo yenyewe. Kichwa chini, mikono mbele, anainuka, anainama tena, akitoka usingizini. Hakuwa anaamkia mtu. Daktari wa hapa ameniambia tangu Februari, nami nikaishikilia peke yangu kama kaa la moto, huku nikisoma barua yako ya kambi nzima inayoamkiana. Nilikuwa chumbani na dada yako. Nikampa barua aisome, akaisoma, akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa.

Mimi ndiye niliyemvika kofia ili "wakwe" wamwone amependeza. Siku ile ya Septemba nilikuwa jikoni, nilikusikia ukihesabu, nikapiga kelele, "Mwambie bado wa kumi na mbili!" Itasikika humo, usishangae. Kwa hiyo usijiweke mwenyewe mahakamani, kizimba hakitatutosha. Hatukujua. Tulimwona mtoto wetu anafanya jambo, tukampenda nalo.

Ila hili la Mgeni nitalisema mara moja, nisilirudie. Hukunikosea kwa kumchukua. Ungeniomba ningekufungashia mwenyewe. Ulinikosea kwa kuzima kengele na kuniacha niishi na sanduku lililozibwa mdomo. Na mimi nimekukosea vivyo hivyo, kengele ya kwako nimeizima tangu Februari. Tangu leo hakuna anayezima. Mtoto akiamka kwa kelele tutambembeleza.

Fundi amemaliza Babu, Mjomba, na Shangazi uliyemwonea huruma. Bibi hafufuki. Anasema kwa hao watatu anaweza kupata karibu zote, lakini kuunganisha ni wiki ijayo, naye hataki kufanya haraka akaharibu. Amenikatalia kabisa, na nimemheshimu kwa hilo. Kabla ya Ijumaa hakuna kingine duniani zaidi ya ulicho nacho kwenye fulana. Lori hili litakufikia kesho asubuhi, linashuka keshokutwa, Alhamisi. Ijumaa ndiyo tarehe 28; saa tatu, jina letu ni la nne.

Najua nakuomba kitu pekee ulicho nacho huko. Nikikirudisha hakitakuwa kile ulichokuwa unakitazama. Hilo siwezi kukusaidia, nami kilinitoka hivyo hivyo. Chiriku asubuhi hii amesema "ba" moja, mdomo umejaa maziwa. Sijui kama ni wewe au ni maziwa. Nimeihesabu ni wewe.

Dereva ananisubiri, amezima injini kwa heshima. Naorodhesha.

Mama Chiriku

Ninavyohitaji, vyote kwa lori la Alhamisi:

Mgeni. Soksi ya pamba, safi, siyo ya nailoni, fundi amesisitiza. Kisha ndani ya lile kopo la biskuti, uzibe nafasi kwa nguo asicheze. Dereva amekubali kumpakata magotini njia nzima, nimemwapisha.

Waya mfupi uliotumia kumuunganisha na kompyuta ya bohari.

Neno lake la siri kama analo, kwa mwandiko wa kusomeka, herufi kubwa zionekane ni kubwa.

Karatasi moja ya daktari, uiandike wewe: asubuhi ile alikuwa amelala muda gani kabla hajaamka, alilia baadaye au hakulia, na kama uliwahi kumwona akifanya hivyo kabla ya tarehe 14 Septemba. Ukiwa huna uhakika, andika huna uhakika.

Jibu la msimamizi, ukimwomba ruhusa ya kushuka kabla ya Juni, likiwa ndiyo au hapana.

Na ile ya pazia la bluu iliyo ndani ya Mgeni. Najua mkono wako, ukimaliza kusoma utataka kuifuta, au ukate sauti daktari asikusikie ukicheka. Usiguse. Itume nzima, na kicheko chako humo humo, maana wewe ndiye uliyehesabu mpaka kumi na moja, na hesabu ndiyo anayoitaka.